Lord Melbury Hakuombwa Karatasi

Tangu tuonyeshe ile sinema ya hoteli pale kwenye kibanda cha vijana, watu wananisimamisha njiani. Wengine wanataka niirudie. Wengine wananigombeza. Mmoja wa wanaonigombeza ni dada wa shirika, mtu mwema, na akisoma hapa atajijua, na atajua pia kwamba sina ubaya naye. Alinivuta pembeni siku ileile akaniambia kwa upole kwamba ile si sinema ya kuwaonyesha wakimbizi. Inamcheka mgeni, alisema, inamcheka mtu asiyejua lugha. Wa pili ni mzee wetu mmoja wa bloku. Yeye alisema kinyume kabisa: ionyeshwe kila Jumamosi, wajinga wajifunze wasitapeliwe tena.

Nawaheshimu wote wawili. Wote wawili wamekosea, na mzee amekosea zaidi. Nimeomba kurasa hizi niseme wamekosea wapi, maana jambo lenyewe si la sinema tu. Kuna pesa za watu zilizopotea hapa kwetu, na mkono wangu ulikuwemo. Nitafika huko, msinikimbize.

Kwanza kwa ambao hawakuwepo. Ile ni Fawlty Towers, vichekesho vya BBC. Vipindi vyake vyote ni 12 tu, sita vya mwaka 1975 na sita vya mwaka 1979, na bado mwaka 2000 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilipotoa orodha ya vipindi bora vya televisheni ya nchi yao, hivi viliwekwa namba moja. Sisi tulionyesha kipindi cha kwanza kabisa, kilichotoka tarehe 19 Septemba 1975. Waandishi wake ni John Cleese na Connie Booth, wakati ule mtu na mkewe, na wote wawili wanacheza ndani. Mume ni Basil, mwenye hoteli. Mke ni Polly, mhudumu.

Na hilo neno hoteli tuelewane. Hapa Kakuma ukisema unaenda hoteli, watu wanajua unaenda kula chapati maharagwe, au injera kwa Wahabeshi. Ile ya Basil ni ya kulala, lodging, iko Torquay, mji wa pwani ya kusini magharibi ya Uingereza. Nilikuwa natafsiri kwa mdomo mbele ya kibanda, kwa mtindo wa DJ Afro, na kijana mmoja akapaza sauti: mbona hawa wateja hawamalizi kula waondoke? Nikalazimika kusimamisha sinema nieleze.

Basil ni mrefu, mwembamba, ana kisirani na kila anayemlipa. Anawaonea aibu wateja wake. Anataka watu wa juu, wenye majina, kwa hiyo ametoa tangazo kwenye gazeti la wakubwa, na mkewe Sybil anamsema kwa pesa alizotupa. Basi siku hiyo wanaingia watu wawili. Wa kwanza anaitwa Danny Brown. Amevaa koti la ngozi, anaongea Kiingereza cha mitaa ya London, kile cha wachuuzi sokoni. Basil anamtazama kama mtu aliyekosea mlango. Wa pili ni mzee wa suti. Mwanzoni Basil anamkaripia hata yeye, kwa sababu ameandika jina moja tu kwenye karatasi ya wageni. La pili liko wapi? Mzee anajibu taratibu kwamba yeye ni Lord Melbury, na malodi huandika jina moja.

Hapo Basil anapinda kama mshumaa juani.

Kuanzia pale sikuwa na kazi kubwa ya kutafsiri, kibanda kizima kilikuwa kimeelewa. Familia iliyokaa meza ya dirishani inahamishwa ili Lodi aone nje. Baba wa familia ile ameagiza vinywaji, anakumbusha, anakumbusha tena, hakuna masikio. Basil anamvutia Lodi kiti kwa heshima nyingi mno mpaka Lodi anakalia hewa na kuanguka chini. Lodi anatoa brifkesi, anasema ina vitu vya thamani, iwekwe kwenye sefu. Baadaye anaomba abadilishiwe hundi ndogo. Anataja kiasi, na Basil mwenyewe, nasema Basil mwenyewe, anauliza kama kitatosha. Wanaishia pauni 200. Tena Basil ana sarafu za kale alizokusanya, na Lodi anajitolea kumpelekea kwa rafiki yake, mtawala fulani huko, azipime thamani. Basil anatoa.

Kumbe Danny Brown, yule wa koti la ngozi, ni askari kanzu. Amekuja Torquay kumfuata huyo Lodi, ambaye si lodi wa popote. Polly anaigundua habari mjini, anarudi nayo, Basil hasikii la mhudumu. Ni Sybil anayeifungua brifkesi.

Matofali.

Kibanda kilipasuka. Watu walipiga mabati, mtoto mmoja akaanguka benchini kwa kucheka. Mimi nilikuwa nimeshika maikrofoni na sikucheka sawasawa, kwa sababu nilimwona mama mmoja nyuma, muuza maandazi wa kona yetu, amekunja mikono, haangalii skrini. Alikuwa ananiangalia mimi.

Sasa nianze na dada yangu wa shirika.

Unasema kinachekwa ni lugha ya Manuel. Manuel ndiye mhudumu mwingine wa hoteli ile, ametoka Barcelona, Kiingereza kinamtesa, na Basil anampiga makofi ya kichwa kila akikosea. Ni kweli, anachekwa. Lakini kumbuka lile la siagi. Basil anamwambia siagi imezidi kwenye trei. Maneno ya mwisho ya sentensi ile, kwa sikio la Mhispania, yanafanana na moja, mbili, tatu ya kwao. Basi Manuel anadhani bosi anajaribu kuhesabu Kihispania na anakosea, anamrekebisha kwa adabu zote. Wewe ulikuwa umekaa mbele, hukuona nyuso za nyuma. Nilipoeleza hili hakuna aliyecheka kwa dharau. Walicheka kwa sababu ni wao. Mimi siku zangu za kwanza hapa, nimetoka Uvira na Kiswahili changu cha kwetu, nilimwuliza askari wa geti biro iko wapi. Kwetu biro ni ofisi. Akanipa kalamu. Nikamwambia hapana, biro kubwa, ya wakimbizi. Akaniangalia, akaingia ndani, akaja na maka pen nene nyekundu. Mimi ni Manuel, dada, na nikimwona Manuel sijisikii nimetukanwa. Najisikia hatimaye kuna mtu aliyeandika yaliyonipata.

Na yule aliyemcheza Manuel? Jina lake Andrew Sachs. Alizaliwa Berlin mwaka 1930, baba yake Myahudi. Mwaka 1938, akiwa na miaka minane, familia ilikimbilia Uingereza. Mkimbizi. Alipopewa kazi ile hakuwa na uhakika wa lafudhi ya Kihispania, akamwuliza Cleese kama Manuel anaweza kuwa Mjerumani badala yake. Hawakukubali. Wakati wa kurekodi kipindi kingine waliweka dawa kwenye koti lake ili litoe moshi kama linaungua, na dawa ile ikamchoma ngozi kweli. Sitasema hilo linahalalisha kila kitu. Nasema tu kwamba ukitaka kumtetea mkimbizi kwenye sinema hii, jua kwamba mkimbizi alikuwa ndani yake, ameshika trei, na kazi alikuwa anaijua kuliko mtu yeyote pale.

Halafu kuna hili ambalo nililisoma nikacheka peke yangu. Vipindi hivi vilipopelekwa Hispania, wakaona hawawezi kumcheka mtu wa kwao, basi wakamfanya Manuel Mwitalia. Kila nchi inatafuta wake wa kumcheka. Hapa kambini pia tunao, tusijifanye. Kila jamii hapa ina vichekesho vyake juu ya Kiswahili cha jamii nyingine, na siku hizi kuna vijana wa bloku yetu wanamwita mhudumu mmoja wa hoteli ya sokoni "Manuel", na yeye hapendi. Hapo, dada, una haki, na nimewaambia waache. Mmoja ameacha.

Lakini umemtazama Manuel peke yake, kwa hiyo umekosa kitu kikubwa kilichokuwa kinapita mlangoni. Mkumbuke Basil anapojaribu kumwagiza Manuel apandishe mizigo. Basil hujisifu kwamba Kihispania anakijua. Anahangaika, anapiga kelele, mizigo imebaki chini. Anayetoa maelekezo kwa Kihispania safi, kwa utulivu, na Manuel akaelewa mara moja, ni nani? Ni Danny Brown, wa Kiingereza cha sokoni. Basil anaudhika. Hajiulizi mtu huyu ni nani, amejifunzia wapi. Hana nafasi ya swali hilo kichwani, kwa sababu alishampima kwa sauti yake tangu mlangoni na kipimo kilishakwisha.

Hicho ndicho kinachochekwa. Mlango ule. Na mlango ule, dada yangu, nyinyi mnao kila asubuhi kuanzia saa mbili.

Nije kwa mzee wangu, na hapa naomba mnisamehe nikipandisha sauti.

Mzee anasema sinema inafundisha wajinga. Mabango ya kambini nayo yanasema hivyohivyo: huduma ni bure, usimlipe mtu, jihadhari na matapeli. Ni maneno ya kweli, na ni lazima yawepo. UNHCR haiuzi nafasi ya kwenda Ulaya au Marekani, hakuna fomu ya kununua, na nchi inayopokea ndiyo inayoamua. Kila mtu hapa anaweza kuyakariri akiwa usingizini. Sasa kama wote tunayajua, kwa nini pesa bado zinaliwa? Jibu la bango ni kwamba sisi ni wepesi wa kudanganywa. Jibu la mzee ni hilohilo kwa Kifuliiru.

Mimi nasema tapeli hakuja kwa wajinga. Nendeni kwenye kumbukumbu. Mwaka 2001 uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe, kwenye ofisi ya UNHCR pale Nairobi, ulikuta mtandao uliokuwa ukiwatoza wakimbizi maelfu ya dola kwa ajili ya mambo ambayo ni bure. Baadhi ya waliokamatwa walikuwa wafanyakazi wa ndani. Hawakuwa wajinga wa bloku waliotoa baji zile shingoni. Waliolipa walilipa kwa sababu anayewaomba alikuwa amekaa nyuma ya meza ya kweli, kwenye jengo la kweli. Mkimbizi angejuaje? Angemwomba afisa kitambulisho? Jaribu wewe mzee, kesho, uende dirishani umwambie afisa akuonyeshe karatasi zake kwanza.

Hapo ndipo ulipo ulaghai wa Lord Melbury. Mtazameni vizuri, hafanyi kazi yoyote! Hana ujanja wa ajabu, hana karatasi ya kughushi, hata hadithi yenyewe ni fupi. Ametamka neno moja. Kazi yote iliyobaki anaifanya Basil: kumhamisha baba wa watu mezani, kuongeza kiasi cha hundi, kutoa sarafu, kumnyamazisha kila anayetaka kusema. Tapeli akiingia kwenye nyumba ambamo watu wanapimwa kwa sauti na nguo, anakuta amefanyiwa kazi kabla hajafika.

Najua kwa sababu nimekuwa Basil.

Alikuja mtu kwetu, sitamtaja na sidhani jina alilotupa lilikuwa lake. Alijiita mjumbe wa mambo ya Kanada. Viatu vinang'aa kwenye vumbi hili, Kiingereza cha puani, kamba ya baji shingoni, baji yenyewe imegeuka nyuma siku zote, na begi jeusi la kompyuta. Mimi ni mkalimani. Nalipwa insentivu, wasomaji wa mashirika mnajua ni kiasi gani, na mtu wa aina ile akikuambia "wewe Kiingereza chako ni kizuri, nataka nifanye kazi na wewe," moyo unavimba. Nilimbebea begi. Nilimtafutia kiti. Tulipokaa na familia pale chini ya mti, kulikuwa na benchi moja tu lenye kivuli, na bibi mmoja mjane alikuwa amekalia. Nilimwomba asogee. Alisogea akakaa juani, na mimi nikapangusa benchi kwa mkono ili mgeni asichafuke.

Hakuna aliyeniagiza kupangusa.

Mgeni akasema kuna ada ya vipimo vya afya. Akataja kiasi kwa kila familia. Mtu mmoja akauliza, hii si bure? Swali zuri, swali la bango. Mgeni akajibu kwa Kiingereza, na mimi nikatafsiri, na kwenye kutafsiri nikaongeza maneno. Yeye alisema vipimo ni vya hospitali binafsi. Mimi nikasema, "Vipimo ni vya hospitali binafsi, kwa hiyo vinaeleweka." Hilo la "vinaeleweka" lilikuwa langu. Aliyeuliza akanyamaza, kwa sababu mimi ananijua, watoto wetu wanasoma pamoja.

Mama wa maandazi alijua siku ya nne. Si kwamba alisoma bango. Yule mjumbe alikuwa anakula maandazi na chai kwake kila asubuhi na kusema ataweka pesa pamoja, ana noti kubwa tu. Mama akajiuliza: mtu anayetoka Nairobi kwa kazi ya Kanada anakula kwangu kwa deni? Tena akaona kamba ya baji ina jina la mkutano wa kilimo. Mimi niliiona kamba ileile siku nne, nasoma Kiingereza, sikuisoma.

Akaenda ofisi moja, siitaji, kusema. Alipanga foleni tangu alfajiri. Dirishani akaulizwa kama ana malalamiko kwa maandishi. Hana. Basi aandike, kwa Kiingereza, au aje na mkalimani. Akasema mkalimani ndiye anayetembea na huyo mtu. Hilo halikueleweka, au lilieleweka likaonekana ni umbea wa wanawake. Arudi Alhamisi. Akaja kwangu jioni, akanieleza uso kwa uso. Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mama, haya mambo ni ya kiofisi."

Polly aliporudi na habari kutoka mjini, Basil alikuwa na uso gani? Ni ule nilioonyesha mimi. Ndiyo maana yule mama hakuwa anaangalia skrini.

Jumatano mjumbe akaondoka kwenda Lodwar "kupiga fotokopi". Begi aliliacha kwangu, chini ya kitanda, nilitunze. Nililitunza siku mbili nikiwakataza watoto wasilisogelee. Tulipolifungua mbele ya watu hapakuwa na matofali. Zilikuwa fomu tupu, zile za mfano ambazo unaweza kuchapisha kwenye saiba yoyote kwa shilingi chache, na taulo. Familia saba.

Sasa mzee, niambie, somo la kuwafundisha hizi familia saba ni lipi? Wasiwe wajinga? Waliuliza swali sahihi. Mama wa maandazi alikuwa na ushahidi mkononi, akapanga foleni nao. Aliyekuwa mjinga ni mimi mwenye cheti, na dirisha lenye kiyoyozi. Mabango hayatuandikii sisi. Sijawahi kuona bango linalomwambia afisa: mwanamke anayeuza maandazi akija na habari, mpe kiti.

Na nyie wa mashirika mnaosoma, msikimbilie kusema mna sanduku la malalamiko. Tunalijua sanduku. Liko karibu na geti, mbele ya askari, na karatasi ikiingia hakuna anayejua ilikoenda. Ninachotaka ni kidogo na hakihitaji mradi wala warsha. Mtu akija kusema neno, aliseme kwa lugha yake, aandikiwe na mwenye kalamu, apewe namba na nakala mkononi, na akiwa anamlalamikia mkalimani aitwe mkalimani mwingine. Yule mama angekuwa na nakala ya Jumatatu, mtu fulani kule ndani angeulizwa Alhamisi kwa nini hakuinuka. Karatasi tunaombwa sisi siku zote, kwa rasheni, kwa kibali cha kutoka, kwa mtoto kuandikishwa shule, alama ya kidole hapa na hapa. Safari hii tunaomba sisi.

Kuna watakaosema namwonea Basil, kwamba hata yeye alitapeliwa, ni mwathirika. Mtazameni mwisho. Akishagundua, anamgeukia Lodi kwa matusi mbele ya wageni wapya, Sir Richard na mkewe, watu wa tabaka la kweli walioletwa na lile tangazo lake. Wanashtuka, wanaondoka, na Basil anawafuata kwa kelele akiwaita wenye majivuno. Kwa dakika moja ungesema amejifunza. Hajajifunza. Amekasirika tu kwamba lodi aliyempata alikuwa wa bandia. Angekuwa wa kweli, meza ya dirishani ingebaki yake, na yule baba wa familia angekuwa bado anangoja vinywaji.

Ndiyo maana nakataa hata ile habari tunayojipa sisi wenyewe kambini, kwamba adui ni tapeli. Tapeli yule amekwenda, pengine yuko kambi nyingine. Benchi liko palepale. Juzi kulikuwa na ziara ya wafadhili, na niliwaona viongozi wetu wa bloku wakiwaondoa akina mama kwenye viti vya kivulini nusu saa kabla magari hayajafika. Wageni wenyewe hawakuwa wameomba. Mmoja wao, mama wa Kizungu wa umri mkubwa, alikaa chini kwenye mkeka na watu wakamvuta mkono ainuke, karibu wamng'oe bega.

Dada wa shirika ameniuliza kama nitaonyesha tena. Nitaonyesha, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ila kutafsiri sitafanya mimi. Nimemwomba mama wa maandazi akae na maikrofoni, mwanangu wa kike amnong'oneze Kiingereza, yeye aseme kwa Kibembe na Kiswahili anavyotaka. Alisema atafikiria. Kwanza akanidai chai na maandazi ya siku nne za yule mtu, kwa kuwa ni mimi niliyemleta pale na kusema ni mteja mzuri. Nimelipa ya maandazi. Ya chai amesema tutaongea.